Neno "Conversation": Asili Yake ya Kilatini na Faida Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza hupatikana kifungu chenye kichwa cha neno moja tu: "conversation". Mwalimu hukisoma kifungu hicho kwa sauti, nalo darasa hukirudia kwa pamoja. Kisha wavulana hupewa maneno ya muuzaji na wasichana maneno ya mnunuzi, na kabla zamu hazijabadilishwa kengele hulia. Kila mtoto ametamka maneno, lakini hakuna hata mmoja aliyezungumza na mwenziwe.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo lenyewe: lina sehemu gani, lilitoka wapi, na maana yake iligeukaje njiani. Hatufanyi hivyo kwa ajili ya kuonyesha elimu ya lugha za kale. Tunaamini ya kwamba asili ya neno hili yamkumbusha mwalimu jambo ambalo vipindi vyetu vya Kiingereza aghalabu hulisahau. Mifano yetu ya darasani tutaichukua kutoka kijiji cha Mwamgongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe katika Mkoa wa Kigoma. Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha mahali pengine ataweza kuibadilisha ilingane na mazingira yake.

Sehemu za neno

Neno "conversation" laweza kugawanywa mafungu matatu. Mwanzoni pana "con", kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "pamoja". Katikati pana "vers", linalotokana na kitenzi "vertere", yaani kugeuka au kugeuza. Mwishoni pana "ation", tamati inayokifanya kitenzi kuwa jina la tendo, kama vile Kiswahili kinavyotoa "mazungumzo" katika "kuzungumza".

Kutokana na "vertere" Warumi waliunda kitenzi cha pili, "versare", chenye maana ya kugeuza mara kwa mara. Kiswahili hupata maana kama hiyo kwa kulirudia neno: mtu asiyetulia kitandani twasema anageuka-geuka. Walipotanguliza "con" wakapata "conversari", ambalo neno kwa neno ni kugeuka-geuka pamoja na wengine. Lakini hawakulitumia kwa maana hiyo ya mwili. "Conversari" kwao lilikuwa kukaa na watu, kuzoeana nao, kushinda nao, kuingia na kutoka pamoja nao. Jina lake, "conversatio", lilikuwa maisha ya pamoja na mazoea yatokanayo nayo.

Yafaa tutue hapa kidogo. Katika maana hiyo ya kwanza hakuna habari ya kusema. Watu wawili waliofanya kazi bega kwa bega mchana kutwa pasipo kutoa sauti wangaliweza kuwa na "conversatio". Kwa tendo la kusema, Kilatini kilikuwa na kitenzi kingine kabisa, "loqui", nacho kilipotanguliwa na kiambishi kile kile cha "pamoja" kilitoa "colloqui", kusemezana. Ndipo Kiingereza kilipopata neno "colloquial", yaani lugha ya maongezi ya kila siku.

Mwanafunzi wa Kiswahili hapati taabu kukielewa kiambishi "con", kwani lugha yetu ina kifaa cha kazi inayokaribiana nayo, ila chetu hukaa mwishoni. Uliza huwa ulizana. Jibu huwa jibizana. Shauri huwa shauriana. Zoea huwa zoeana. Kilatini huweka ushirika mwanzoni mwa kitenzi, nasi twauweka mwishoni.

Safari ya neno hadi Kiingereza

Baada ya Wanomani kuishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama, na maneno mengi yenye asili ya Kilatini yaliingia katika Kiingereza kwa mlango huo. "Conversation" liliingia katika karne ya 14, likiwa bado na maana yake ya zamani: kukaa mahali, kushirikiana na watu, na mwenendo wa mtu miongoni mwa wenzake. Maana ya maongezi ilipata nguvu katika karne ya 16, na baadaye ikazifunika nyingine zote.

Alama za maana ya kale zilidumu muda mrefu. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 hulitumia neno hili inapotaja mwenendo wa waumini, na msomaji wa leo asiyejua jambo hilo hudhani kuwa ameamriwa kuchunga maongezi yake tu. Mahali hapo tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952 hutumia neno "mwenendo", nayo ni sahihi. Hali kadhalika, katika sheria za Uingereza hadi mwaka 1857 palikuwa na shauri ambalo mume aliweza kumshtaki mwanamume aliyezini na mkewe, na jina la shauri hilo lilitumia neno "conversation". Mfano huu wa pili ni wa kumwelimisha mwalimu, wala haufai kupelekwa mbele ya watoto.

Mabadiliko kama hayo si mageni kwetu. Baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba. Kwa kuwa watu hukaa hapo na kuongea, neno likahamia kwenye mkutano wenyewe, kisha kwenye chombo cha kutoa maamuzi, hata leo twasema Baraza la Mawaziri, ambalo halikutani kibarazani. Katika "conversation" na katika "baraza" njia ni moja: watu hukaa pamoja, na kwa kukaa pamoja huzungumza.

Wala mwanachuo asidhani ya kuwa Kilatini ki mbali na darasa lake. Meza anayoandikia ilitoka katika Kireno "mesa", nacho kilikipata katika Kilatini "mensa". Shule anamofundisha ilitoka katika Kijerumani "Schule", kutoka Kilatini "schola", ambalo Warumi nao walilipokea kwa Wagiriki. Mtoto wa Mwamgongo asemaye "meza ya shule" amekwisha kutumia maneno mawili yaliyopitia Roma.

Ndugu za neno hili

Kiingereza kina maneno kadhaa ya kutaja watu wanaosemezana, na kila moja lilianza kwa picha yake. "Discuss" linatokana na Kilatini "discutere", kukitikisa kitu hata kisambaratike. Ndiyo sababu hufaa pale ambapo jambo linachambuliwa kipande kwa kipande. "Discourse" linatokana na "discurrere", kukimbia huku na huko. "Confer" linatokana na "conferre", kuleta pamoja. Hili la mwisho lafanana sana na usemi wetu wa kutoa mchango katika mkutano, kana kwamba kila mtu amekuja na fungu lake na kuliweka katikati.

"Dialogue" ni la Kigiriki, nalo hufasiriwa vibaya mara nyingi. Husemwa kuwa ni maongezi ya watu wawili, kwa kuwa "di" ni mbili. Sivyo. Kiambishi chake ni "dia", chenye maana ya "kupitia" au "baina ya", na watu kumi wanaweza kuwa na "dialogue" moja.

Tahadhari mbili

Ya kwanza: asili ya neno si amri juu ya maana yake ya leo. Mtoto akiambiwa "discuss this question" hatakiwi kulitikisa daftari lake. Maana ya neno ni ile wanayoitumia wasemaji wa sasa. Asili yake ni taa tu ya kuangazia njia ambayo neno limepita.

Ya pili: mfanano wa sauti si ushahidi wa undugu. Mwanachuo mwerevu ataona mara moja ya kuwa "zungumza" lafanana na "zunguka", na kwa kuwa "conversation" lina habari ya kugeuka, atapenda kusema kwamba Waswahili na Warumi waliona jambo moja. Mfanano huo wafaa kuwa msaada wa kumbukumbu, na mwalimu autumie kwa kazi hiyo tu. Kiajemi kina neno "bad" lenye maana ya "mbaya", nacho Kiingereza kina "bad" lenye maana hiyo hiyo, na sauti zake zakaribiana sana. Hata hivyo maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Asili ya neno huthibitishwa kwa maandishi ya kale na kwa kulinganisha lugha kwa utaratibu, si kwa sikio.

Mfano wa Ujiji

Pwani hii ya Ziwa Tanganyika ina habari moja ya kihistoria inayoonyesha vizuri tofauti kati ya kutamka sentensi na kuzungumza. Mnamo Novemba 1871, Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone mjini Ujiji. Ulimwengu umeikumbuka sentensi moja ya maamkizi iliyosemwa siku hiyo, na watu wengi hawajui zaidi ya hapo. Lakini wawili hao walikaa pamoja kwa muda wa miezi minne hivi. Waliingia mtumbwini pamoja, wakaambaa na pwani ya mashariki kuelekea kaskazini, yaani pwani ile ile ambako Mwamgongo ipo, mpaka mlango wa Mto Rusizi, wakathibitisha kuwa mto huo huingia ziwani wala hautoki. Waliagana Machi 1872. Sentensi ile ilikuwa salamu. "Conversatio", kwa maana ya Warumi, ilikuwa miezi ile minne.

Tena kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, sauti ya kwanza ya Kiingereza iliyomlaki Ujiji haikuwa ya Livingstone, bali ya Susi, mtumishi wake Mwafrika, aliyemkimbilia njiani na kumwamkia kwa lugha hiyo. Susi ndiye ambaye baadaye, pamoja na Chuma na wenzao, waliuchukua mwili wa Livingstone kutoka bara, alikofariki Mei 1873, hadi Bagamoyo, walikofika mwanzoni mwa mwaka 1874. Kiingereza chake kilitokana na miaka ya kufanya kazi, kula na kusafiri pamoja na wasemaji wake. Hatuwezi kuwapa watoto wetu safari ya namna hiyo. Twaweza, hata hivyo, kuwapa dakika chache za kukaa na wenzao wakiwa na haja ya kweli ya kuambiana kitu.

Haja ya jambo hili

Mtoto wa vijiji vya pwani hii aghalabu huzaliwa katika Kiha, huingia shuleni akasoma kwa Kiswahili, na Kiingereza hukikuta kama somo. Lakini anapomaliza shule ya msingi na kuchaguliwa kwenda sekondari, masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Yule aliyezoea kuitikia pamoja na darasa zima hujikuta peke yake mbele ya swali. Si kwamba hajui maneno. Ameyaandika mengi daftarini. Hakuwahi kuyageuza kumwelekea mtu. Hunyamaza, na mwalimu wake wa sekondari huuchukua ukimya huo kuwa ni upungufu wa akili. Mtoto mwenye akili anaweza kupotea kwa njia hii, nasi walimu wa msingi tuna sehemu yetu ya lawama.

Yapo pia mambo ya adabu ambayo mwalimu hana budi kuyazingatia. Watoto wetu wamefunzwa kutomrudishia mkubwa swali. Akiulizwa na mwalimu "How are you?" hujibu, kisha hunyamaza akingoja. Huo si ujinga, ni heshima. Mwalimu asiivunje, aieleze. Awaambie watoto ya kwamba katika Kiingereza kumrudishia mwenzako swali ni sehemu ya adabu yenyewe, kama vile "shikamoo" isivyokamilika bila "marahaba". Maneno mawili madogo, "And you?", ndiyo hasa yanayougeuza mwelekeo wa mazungumzo. Tungeshauri yafundishwe mapema, na yasikike katika kila kipindi.

Andalio la somo

Darasa: la Tano. Muda: dakika 40. Kusudi: kila mwanafunzi aweze kuuliza bei, kuijibu, kuomba punguzo na kuagana kwa Kiingereza, akimsikiliza mwenziwe na kujibu alichosema.

Mazingira ya somo ni mwalo wa Mwamgongo asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Jambo hili kila mtoto alijua. Wavuvi huvua usiku kwa taa; nyakati za mbalamwezi taa hizo hazina nguvu ya kuvuta dagaa, wavuvi hupumzika, na bei hupanda. Mwalimu asianze kwa kuwafundisha watoto habari za duka la London wakati soko liko hatua chache kutoka darasani.

Vifaa: beseni moja, dagaa wakavu kidogo, na vipande vya karatasi vilivyoandikwa mapema.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Madawati yageuzwe ili wanafunzi waelekeane wawili wawili. Hapa tunalitii neno lenyewe: watoto wanageuka pamoja. Katika darasa lenye watoto wengi na nafasi ndogo, wale wa dawati la mbele wageuke nyuma tu.

Hatua ya pili (dakika 10). Mwalimu na mwanafunzi mmoja waonyeshe mfano: "How much is this basin?" Bei itajwe. "That is too much. Can you reduce it?" Jibu litolewe. Mwalimu aonyeshe kwa uso na mikono, asitafsiri kila neno.

Hatua ya tatu (dakika 15). Kila muuzaji apewe karatasi yenye bei ya chini anayoweza kuikubali, na kila mnunuzi karatasi yenye fedha alizo nazo. Asiwepo wa kuiona karatasi ya mwenziwe. Hii ndiyo hatua iliyo kiini cha somo. Mtu akijua tayari atakachojibiwa hana sababu ya kusikiliza. Asipojua, hulazimika kusikiliza. Baadhi watapatana na wengine watashindwana, na wote watakuwa wamezungumza. Mwalimu apite kati yao akisikiliza, wala asimkatize mtoto kwa ajili ya kosa la sarufi.

Hatua ya nne (dakika 5). Wabadilishane zamu: muuzaji awe mnunuzi.

Hatua ya tano (dakika 5). Jozi mbili au tatu zieleze darasa zilipatana kwa bei gani. Mwalimu aandike ubaoni makosa mawili au matatu aliyoyasikia mara nyingi, bila kutaja majina, na darasa liyasahihishe.

Matamshi

Neno "conversation" lina silabi nne, na mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu, yaani ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo Kiswahili nacho huweka mkazo, kwa hiyo watoto watalitamka vizuri bila shida. Kitenzi chake, "converse", kina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya mwisho. Hapa watoto watakosea kwa kufuata desturi ya Kiswahili, na baadhi yao wataongeza irabu mwishoni. Mwalimu alitamke mara kadhaa, polepole, akipiga kofi moja kwenye silabi yenye mkazo.

Hitimisho

Hatushauri mtoto yeyote wa shule ya msingi afundishwe "vertere" na "versare". Elimu hiyo ni ya mwalimu, imsaidie kuandaa somo lake, kama mkulima ajuavyo udongo ingawa anayekula ni mazao. Lakini mwalimu anayefahamu ya kuwa neno hili lilikuwa kukaa na watu kabla halijawa kusema na watu, hataridhika tena na kipindi ambamo sauti zimesikika na hakuna aliyemgeukia mwenziwe. Atajiuliza, kila kengele inapolia, ni watoto wangapi leo walioulizwa jambo na mtu aliyetaka kwa dhati kulijua jibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Tafuteni maneno matano ya Kiingereza yanayoanza kwa "con" au "com" yenye maana ya "pamoja". Kwa kila moja, tajeni kitenzi cha Kiswahili chenye tamati "ana" kinachokaribiana nalo.

2. "Version", "reverse" na "universe" yana asili moja na "conversation". Habari ya kugeuka inaonekanaje katika kila moja?

3. Chagueni kifungu kimoja cha mazungumzo katika kitabu cha kiada cha Kiingereza. Kibadilisheni ili kila mzungumzaji awe na jambo ambalo mwenziwe halijui.

4. Katika kijiji mnachotarajia kufundisha, ni kazi gani inayowalazimu watu kuulizana na kujibizana kila siku? Andaeni somo la dakika 40 juu yake.